Shahidi wa Vita Naye Aulizwe

Kuna imani iliyotuingia sana kwamba mtu aliyekuwapo vitani ndiye mwenye historia, na mwandishi wa riwaya kazi yake ni kutuburudisha. Kitabu cha jemadari mstaafu tunakipokea kama kiapo. Riwaya tunaiweka kwenye rafu ya hadithi. Mji wa Manassas, katika jimbo la Virginia, kilomita zipatazo 50 kusini-magharibi mwa Washington, unatosha kuitikisa imani hiyo. Karibu na makutano yake ya reli ndipo majeshi ya Kaskazini na Kusini ya Marekani yalipopigana pigano kubwa la kwanza la vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, tarehe 21 Julai 1861, na ndipo yaliporudi kupigana tena mwishoni mwa Agosti 1862. Pigano la kwanza liliua watu wapatao 850 kwa siku moja. La pili lilichukua siku 3, na waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walizidi 20,000. Vitabu vilivyoandikwa juu ya siku hizo chache haviishi kuchapishwa: kumbukumbu za majenerali, shajara, barua za askari, taarifa za waandishi wa habari, riwaya. Ukivisoma kwa kuvilinganisha utaona jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki, tunaoandika sasa vita vyetu wenyewe, tunalihitaji sana. Ushuhuda wa vita haupati thamani kwa sababu tu msemaji alikuwapo. Huipata pale anapokuwa amesema mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumpinga.

Tuanze na simulizi inayojulikana kuliko zote za uwanja ule. Mchana wa 21 Julai, juu ya kilima cha Henry, Jenerali Barnard Bee wa Kusini, vikosi vyake vikiwa vimeshapigwa na kurudi nyuma, alimwonyesha jenerali mwenzake Thomas Jackson kwa askari wake na kupaza sauti kwamba amesimama kama ukuta wa mawe. Kwa kauli hiyo Jackson akaitwa Stonewall mpaka leo, na tangu 1940 sanamu yake kubwa ya shaba, yeye akiwa juu ya farasi, imesimama kilimani hapo. Lakini Bee alipigwa risasi saa hizo hizo na akafa kesho yake. Hakuacha ripoti. Maneno yake yalitokea siku 4 baada ya pigano katika gazeti la Charleston, mji wa jimbo lake la South Carolina, na tangu hapo yamechapishwa kwa namna mbalimbali zisizolingana. Wako hata waliosimulia kwamba Bee aliyasema kwa hasira, akimlaumu Jackson kwa kusimama pale pale huku wenzake wakimalizwa. Asiyekuwapo na lake halipo, na Bee hakuwapo tena kukubali wala kukanusha. Kwa hiyo sifa kubwa kuliko zote za vita vile imejengwa juu ya sentensi ambayo hakuna awezaye kuithibitisha, na haikuharibika kwa sababu aliyeitamka hakupata nafasi ya kuulizwa alikuwa na maana gani.

Mtu atasema kwamba hilo ni gazeti tu, tuwasikilize wakubwa waliopona. Nao walisema mengi. Jenerali Joseph Johnston, aliyeleta jeshi lake kwa treni kutoka bonde la Shenandoah na kuigeuza siku ile, alichapisha kitabu chake mwaka 1874. Jefferson Davis, rais wa Kusini, aliyefika uwanjani jioni ile ile, alitoa cha kwake 1881. Jenerali P. G. T. Beauregard naye akaandika katika jarida la Century miaka ya 1880, jarida lililowakusanya makamanda wa pande zote mbili kusimulia mapigano yao. Watu 3, wote wa upande mmoja, wote walikuwapo, na hawakubaliani juu ya maswali mepesi kabisa. Nani hasa aliongoza pigano? Mpango ulikuwa wa nani? Kwa nini jeshi lililoshinda halikumfuata adui mpaka Washington, mji uliokuwa karibu hivyo? Kila mmoja anamsukumia mwenzake lawama na kujivutia sifa. Waliandika miaka 13 hadi zaidi ya 20 baada ya tukio, vita vikiwa vimeshindwa na jina ndiyo mali pekee iliyobaki mkononi. Hata hivyo sidhani kwamba maandishi hayo ni ya kutupwa. Ubora wake uko katika ugomvi wa walioyaandika. Tungekuwa na ya Beauregard peke yake, tungeamini kila neno. Kwa kuwa tuna ya wote watatu, tunajua hasa mahali pa kutilia shaka.

Watazamaji raia hawakuwa na hali bora zaidi. Siku ile wabunge na wakazi wa Washington walitoka kwa magari ya farasi kwenda kutazama, na hadithi inayopendwa ni ya mabibi waliotandika vitambaa vyao na vikapu vya chakula kando ya mapigano. Wengi wao walikuwa kwenye miinuko ya Centreville, kilomita kadhaa kutoka uwanjani, na hawakuona zaidi ya moshi. Walioona kwa karibu ni wachache, akiwamo mbunge Alfred Ely wa New York, aliyekamatwa na kupelekwa kifungoni Richmond, na ambaye shajara yake ya kifungo ilichapishwa 1862. William Howard Russell wa gazeti la Times la London alifika amechelewa, akakutana na jeshi la Kaskazini likikimbia. Usiku ule simu za telegrafu zilikuwa zimetangaza ushindi. Taarifa ya Russell iliporudi Marekani mwezi mmoja baadaye ikiwa imechapishwa, watu wa Kaskazini walimchukia, wakamtukana, na mwaka uliofuata alinyimwa ruhusa ya kufuatana na jeshi akarudi kwao. Pigano lenyewe karibu hakuliona. Lakini kukimbia alikokuona kulithibitishwa na simu ya kamanda wa Kaskazini mwenyewe, Irvin McDowell, aliyekiri kwamba sehemu kubwa ya watu wake imekuwa kundi lililovurugika. Na picha inayokumbukwa mno ya askari wale wakiingia Washington asubuhi ya mvua, wameloa na kuchoka, iliandikwa na mshairi Walt Whitman, ambaye siku hiyo alikuwa New York.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka pigano la pili, na ningependa tukae hapo kidogo. Tarehe 29 Agosti 1862 Jenerali John Pope wa Kaskazini alimwagiza Jenerali Fitz John Porter aushambulie ubavu wa kulia wa Jackson. Porter hakushambulia. Kesho yake Kaskazini ikashindwa vibaya, na Pope akamtupia lawama Porter. Januari 1863 mahakama ya kijeshi ilimkuta Porter na hatia, akafukuzwa jeshini na kupigwa marufuku kushika wadhifa wowote wa serikali maisha yake yote. Mashahidi waliomtia hatiani walikuwa uwanjani siku ile. Hawakuwa watu wa kusikia. Kasoro ni kwamba wote walisimama upande mmoja wa mstari wa vita. Ilichukua miaka 15 mpaka bodi ya maofisa chini ya Jenerali John Schofield ilipolifungua upya shauri hilo, 1878, na safari hii wakamwita James Longstreet, aliyekuwa jenerali wa Kusini. Longstreet akaeleza kwamba kufikia mchana ule jeshi lake la watu wapatao 25,000 lilikuwa limekwisha fika na kujipanga kando ya Jackson, mahali pale pale ambapo Pope aliamini pako wazi. Porter angeshambulia kama alivyoagizwa, angewapeleka watu wake kuchinjwa. Mwaka 1879 bodi ikamsafisha, na 1886 Rais Grover Cleveland akatia saini sheria iliyomrudisha jeshini. Angalia kilichobadilika hapo. Macho yalikuwa yale yale ya 1862, na kumbukumbu zilikuwa zimezeeka. Kilichoongezwa ni adui wa zamani, mtu aliyejua kilichokuwa upande wa pili na asiye na haja ya kumpendeza Pope.

Sasa tushuke kutoka kwa majenerali mpaka kwa wenye nyumba. Juu ya kilima kile aliishi Judith Henry, mjane mwenye zaidi ya miaka 80, mgonjwa wa kitandani. Mizinga ya Kapteni James Ricketts wa Kaskazini iliigeukia nyumba yake kwa kuwa, kama alivyoieleza kamati ya Bunge baadaye, askari walengaji walikuwa wakimpiga kutoka humo. Bibi huyo aliuawa. Ndani pia alikuwamo msichana mtumwa aliyekodishwa kumtunza, naye akajeruhiwa. Jina la Judith Henry limo katika kila kitabu cha Manassas, na kilima kinaitwa kwa ukoo wake. La msichana yule simulizi nyingi hazilitaji. Hatua mia chache kutoka hapo palikuwa na nyumba ya James Robinson, mtu Mweusi aliyezaliwa huru, mwenye shamba lake mwenyewe katika jimbo la utumwa. Mapigano yote mawili yalipita kwake. Katika la pili askari wa Kaskazini waliifanya nyumba yake hospitali, na wakachukua mifugo, nafaka na nyasi. Robinson hakuandika kitabu, na hakuna jarida lililomtuma mhariri kwake.

Sauti yake imetufikia kwa njia ambayo wapenzi wa kumbukumbu za vita huipita bila kuitazama. Mwaka 1871 Bunge la Marekani liliunda Tume ya Madai ya Kusini, ili raia wa Kusini waliobaki watiifu kwa Muungano, yaani upande wa Kaskazini, waweze kudai mali iliyochukuliwa na jeshi la Kaskazini. Yaliletwa zaidi ya madai 22,000. Mdai hakukubaliwa kwa maneno yake pekee. Aliulizwa maswali yaliyopangwa, moja baada ya moja: ulikuwa wapi vita vilipoanza, ndugu zako walipigania upande gani, nani aliyaona mahindi yakibebwa, magunia mangapi, afisa gani aliamuru. Majirani waliitwa, na baadhi yao walikuja kumpinga. Robinson alidai, akalipwa sehemu tu ya alichodai. Lakini karatasi za madai kama yake zimejaa vitu ambavyo hakuna jenerali aliyeviandika: bei ya ng'ombe, idadi ya nguzo za ua zilizochomwa kuni, nani alibaki na nani alikimbia. Ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington. Ukizisoma baada ya maandishi ya Beauregard, unajikuta umeingia kwenye vita vingine kabisa, vyenye watu.

Najua pingamizi litakalokuja hapa. Mdai naye ana maslahi. Anataka fedha, kwa hiyo ana sababu ya kuongeza magunia, na kuusifu utiifu wake kwa Muungano hata kama haukuwa mkubwa hivyo. Ni kweli kabisa, na sitetei unyonge kama cheti cha ukweli. John Parker, mtumwa aliyetoroka kutoka Kusini, alisimulia katika magazeti ya Kaskazini mwaka 1862 kwamba yeye na wenzake walilazimishwa kuhudumia mzinga siku ya pigano la kwanza, huku mioyo yao ikiwa upande wa pili. Msomaji makini lazima akumbuke kwamba Parker alizungumza na watu wa Kaskazini waliopenda kusikia maneno hayo. Wapo leo wanaomchukua Parker yule yule kama ushahidi kwamba watu Weusi waliipigania Kusini kwa hiari yao, na ili kufanya hivyo wanalazimika kuficha nusu ya alichosema. Tofauti kati ya Parker na jenerali iko hapa: maneno ya Parker tunaweza kuyaweka kando ya mamia ya shuhuda za watumwa wengine waliotoroka, zilizotolewa sehemu mbalimbali kwa watu wasiojuana. Tume nayo ilikuwa na kasoro yake kubwa, nayo ni kwamba wenye kuamua walikuwa Weupe watupu, na mdai maskini hakuwa na marafiki bungeni kama aliokuwa nao Porter. Kupingwa kunasaidia ukweli pale tu anayepingwa anapopewa nafasi ya kujibu.

Riwaya iko wapi katika haya yote? Stephen Crane alizaliwa 1871, miaka 6 baada ya vita kwisha, na riwaya yake ya 1895, The Red Badge of Courage, iliwafanya baadhi ya maaskari wa zamani wadhani mwandishi alikuwa mwenzao. Hata jina la pigano hakulitaja, ingawa wasomaji wamelitambua kuwa ni Chancellorsville. Kuhusu hofu ya kijana anayekimbia risasi, na uongo anaojiambia baada ya kukimbia, hakuna jenerali aliyemfikia, kwa sababu jenerali hawezi kuandika kwamba alikimbia. Hiyo ni faida halisi ya riwaya na siipunguzi. Lakini riwaya ina upofu wake. Kwenye kurasa za mwanzo za kitabu hicho yupo mwendesha gari Mweusi anayecheza ngoma juu ya sanduku. Watu wanamwacha, naye hatokei tena. Kwa nini vita vinapiganwa, Crane hasemi. Upton Sinclair alijaribu njia nyingine. Mwaka 1904, akiwa kijana wa miaka 25, alitoa riwaya iitwayo Manassas, aliyoiandika akitumia vitabu vya maktaba ya Chuo Kikuu cha Princeton, juu ya mtoto wa mwenye shamba kubwa la Kusini anayeuchukia utumwa na kuishia kwenye pigano la 1861. Kwa ufundi haimfikii Crane: wahusika wanahutubia mno. Lakini chanzo cha vita amekiweka mbele, wakati ambao wengi walikuwa wanakifunika. Halafu yupo Mary Chesnut, mke wa afisa wa Kusini, ambaye shajara yake ilichapishwa 1905 na kusomwa kwa miongo kama maneno ya siku ile ile. Mwanahistoria C. Vann Woodward, katika chapa yake ya 1981, aliionyesha dunia kwamba sehemu kubwa iliandikwa upya miaka ya 1880, kwa ustadi wa mwandishi wa riwaya. Mpaka kati ya aliyeona na aliyebuni si mnene kama tunavyodhani.

Wengine watauliza kama ubishi huu wote haufungui vidonda. Manassas ina jibu lake. Tarehe 21 Julai 1911, miaka 50 kamili, maaskari wazee wa pande zote mbili walikusanyika mjini hapo, wakasimama mistari miwili na kupeana mikono, na Rais William Howard Taft akahutubia. Ilikuwa siku ya upatanisho wa kweli baina yao, na siwezi kuwadharau wazee wale. Lakini upatanisho huo ulifanyika kwa kukubaliana kutoulizana vita vilikuwa vya nini. Katika mji huo huo ilikuwapo shule ya ufundi ya vijana Weusi iliyoanzishwa kwa juhudi za Jennie Dean, mwanamke aliyezaliwa utumwani, na ambayo Frederick Douglass aliizindua 1894. Wakati wazee wanapeana mikono, katiba ya Virginia ya 1902 ilikuwa imeshawanyang'anya kura wazazi wa wanafunzi wale kwa kodi na mitihani ya kusoma. Kidonda hakikufungwa siku ile. Kilifunikwa, na waliobaki nacho ni wale ambao hawakualikwa kwenye mistari miwili.

Kwetu hali haiko mbali na hiyo. Vita vya msituni vya Uganda, 1981 hadi 1986, vimeandikwa na Yoweri Museveni katika tawasifu yake ya 1997, na pia na Pecos Kutesa 2006. Kisha 2012 John Kazoora, aliyekuwa msituni pamoja nao, akatoa kitabu cha kumlaumu kiongozi wake. Msomaji ana bahati ya kuwa na vyote, maana vinagongana. Hata hivyo ni vitabu vya wenye bunduki, na mwanakijiji wa Luwero aliyekuwa katikati ya majeshi mawili anabaki alipobaki Robinson. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yana kitabu cha John Okello cha 1967, kinachojipa nafasi kubwa. Okello alitoweka Uganda 1971, na hawezi kuulizwa tena. Yana pia riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka 1978 na kuyatazama mambo kwa macho ya watumishi wa kasri, na tangu 2010 kitabu cha Harith Ghassany, Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kilichokusanya sauti za watu wanaodai walikuwamo na ambao wengi hawakuwahi kusikika. Vitabu hivi vinapingana vikali, na wapo wanaotamani kimoja kipigwe marufuku ili kingine kistarehe. Hilo litakuwa kosa kubwa. Njia ya kufuata ilishaonyeshwa Dar es Salaam mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu walipotumwa vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, kijiji kimoja baada ya kingine, ili simulizi ya huku ipimwe kwa ya kule.

Waliopitia Luwero wakiwa watu wazima sasa wamekaribia au kuvuka miaka 60, na wa Zanzibar 80. Ukiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani, mrekodi mwaka huu. Muulize nani alichukua ng'ombe, wangapi, siku gani, nani mwingine aliona. Kisha mtafute aliyekuwa upande wa pili umuulize maswali yale yale, na uhifadhi majibu yote mawili mahali pamoja.